Viti vya Roshani ya Palmira

Port of Spain nzima hakuna aijuaye historia ya sinema ya Palmira kumshinda msimulizi wenu: aliingia humo mara mbili, na ya pili alisinzia. Lakini hata msinziaji aliujua utaratibu. Waheshimiwa walikaa juu, roshani, kwenye viti vya mahameli. Walalahoi walikaa chini, kwenye mabenchi, mahali palipoitwa Shimoni, wakirushiana maganda ya karanga. Palmira ilipobomolewa ili magari yapate pa kuegesha, likazuka jambo la ajabu: kumbe mji mzima ulikuwa ukikaa roshani. Shimoni hakuwahi kukaa mtu.

Alric Sandiford, tapeli mwenye ulimi wa asali, akanusa riziki. Akanunua viti vyekundu vilivyochakaa kwa mwenye nyumba ya mazishi, akavipanga kando ya kifusi.

"Roshani ya Palmira! Kaa pale ulipokaa enzi za ujana wako!"

Kufika adhuhuri kimebaki kimoja, na meli ya Tobago, ambayo Alric alipanga kutorokea, inakaribia kung'oa nanga. Mwalimu Pantin, mstaafu mwenye tai shingoni jua likiwaka, akakikalia, akafumba macho.

"Ndicho hiki. Makalio hayasahau."

"Mwalimu, si nilikuwa nyuma yako kila Jumamosi, na suti yangu nyeupe? Kofia yako ilinizibia picha ngapi!" Alric akadakia.

"Nakukumbuka sana, kijana."

Mwalimu anatoa pochi tu, Bi Verlinda, muuza machungwa wa pale kona, akasogea na kisu chake cha kumenyea.

"Suti nyeupe? Roshani? Kila Jumamosi?"

"Bila kukosa, mama."

"Basi karibu nyumbani, shemeji! Dada yangu alipewa mimba kulekule roshani na mwanamume wa suti nyeupe. Mtoto ana ndevu sasa, bado anauliza baba yuko wapi. Lete matunzo!"

Bi Verlinda hakuwa na dada. Hata kaka hakuwa naye. Lakini watu walishajaa, wamembana Alric kwenye kifusi: "Lipa, baba mtoto!" Bi Verlinda akatumbukiza mkono mfukoni mwa Alric, akakomba mauzo yote, akayashindilia kifuani.

"Jamani, si mimi!" Alric akalia. "Roshani sijawahi kuikanyaga! Mimi mtu wa Shimoni, benchi la mbele, tangu utoto!"

Mwalimu Pantin akaruka kutoka kitini, kidole hewani.

"Mwongo mkubwa! Miaka yote niliyokaa benchi lile la mbele, sijamwona hata siku moja!"

Umati ukamgeukia. Mwalimu akaketi tena, polepole, akaiweka sawa tai yake.