Uzinduzi wa Mtambo wa Kunyonya Moshi wa Ndege

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe kwa kuwa aliyealikwa amepata safari. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye kiti chake kipo. Ndugu Kaimu Meneja wa kiwanja hiki cha ndege, pamoja na anayemkaimu. Marubani wetu wenye mabega ya dhahabu. Wahandisi, wapakia mizigo, wapishi wa vyakula vya angani, akina mama wafagiaji wa ndege. Wadau wa ndani, wadau wa nje, na wadau ambao bado hamjajijua kuwa ni wadau: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi, safu ya mbele.)

Mimi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Anga Safi, nimesimama katika korido hii, baina ya mkanda wa mizigo na vyoo vya wafanyakazi, mbele ya mlango huu wenye utepe mwekundu, kuzindua mtambo ambao majirani zetu wataukodolea macho mpaka yawatoke.

Ndugu zangu, ndege zinatoa moshi, moshi una gesi, gesi inaifunika dunia kama blanketi juu ya mgonjwa wa homa, na dunia inatokwa jasho. Hayo si maneno yangu, ni ya wataalamu, nami nimeyasikia kwa masikio yangu katika makongamano kumi na manne, niliyoyafuata kwa ndege kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi, ukiacha la kumi na tano ambalo nilipofika niliambiwa lilikuwa la kwenye simu. (Kicheko.) Msicheke. Adui hafuatwi kwa simu. Adui yuko angani, nami nikampandia huko huko, nikakaa viti vya mbele kabisa, ambako tatizo linaonekana vizuri zaidi, nikamtazama dirishani ana kwa ana huku nikiletewa taulo la moto.

Matokeo ya mapambano hayo ni rodimapu shirikishi yenye fremuweki saba na pailoti projekti moja (rubani aliye kule nyuma atulie, hajatajwa yeye), itakayopunguza moshi wa ndege kwa asilimia mia moja na nne ifikapo mwaka utakaotangazwa na kamati ndogo.

(Fundi wa injini: “Bosi, hizo nne za juu tutazipunguzia wapi?”)

Hizo ni akiba, kijana wangu. (Makofi, vicheko.)

Sasa, mtambo unahitaji chumba. Idara yangu, kwa kutumia mfumo wa kisasa wa kompyuta, ilipekua orodha ya vyumba mia mbili na kumi vya jengo hili, ikatafuta neno moja tu: kunyonya. Na kompyuta, ambayo haina ndugu wala rafiki, ikaleta chumba kimoja. Hiki hapa! Mlangoni kulikuwa na kibao kabisa, tena cha zamani, Chumba cha Kunyonyeshea. Nilitokwa na machozi. Nikasema, kumbe waliotutangulia waliliona hili la hewa chafu kabla yetu! (Kicheko kirefu. Mpakia mizigo mmoja anaketi sakafuni.)

(Mama Pacha, msimamizi wa wafagiaji wa ndege, mapacha wake mmoja mgongoni na mmoja kifuani: “Baba, kile ni chumba cha kunyonyeshea watoto!”)

Asante, mama yangu, mchango mzuri. Tofauti ya kunyonya na kunyonyeshea ni herufi nne, na kitaalamu hiyo imo ndani ya kiwango cha makosa kinachovumilika.

(Mama Pacha: “Kinavumiliwa na nani? Miezi minane umekifunga, tunanyonyesha stoo, tumesimama katikati ya mafagio! Mwenzetu mmoja ameshaacha kazi. Jana mwanangu kanyonya mpini wa dekio!” Kelele: “Mpe ufunguo!”)

Tulieni, tulieni. Kero imepokelewa na itaundiwa kikosi kazi. Lakini tusizibeze takwimu, kwa maana katika miezi hiyo minane chumba hiki kimepimwa kila wiki na vijana wangu, na hakuna ndege hata moja iliyotoa moshi ndani yake. Hata moja! (Makofi ya mtu mmoja, dereva wa Mkurugenzi.) Ndiyo maana nimeongeza muda wa kukifunga kwa miaka miwili mingine, ili mafanikio haya yasivurugwe na watu kuingia.

(Miguno. Mpishi: “Huyu kala nini?” Mwenzake: “Cha kwenye ndege.”)

Na kwa kuwa ratiba inasema utepe ukatwe na mwakilishi wa akina mama, kwa ajili ya picha, namwita huyu huyu mama mwenye mapacha, tusije tukaambiwa hatukushirikisha. Karibu, mama. Mkasi huu. Ufunguo huu, ushike tu kwenye kitasa, utazame kamera, usizungu...

(Ufunguo unazunguka. Mama Pacha anaingia. Wanaingia wafagiaji wanne, mpishi mwenye kichanga, karani wa tiketi mwenye chupa ya kukamulia maziwa. Vigelegele.)

Hilo halimo kwenye ratiba. Akina mama, mnakanyaga pailoti projekti!

(Sauti ya Mama Pacha kutoka ndani: “Tunakanyaga nini? Kuna viti sita, kitanda cha mtoto na buibui. Mtambo uko wapi?”)

Mtambo, waheshimiwa, uko katika hatua. Hebu tuitikie kaulimbiu: Anga safi! (Miayo.) Moshi zii! (“Mkurugenzi zii!”) Vizuri, mmeamka.

Sasa nitoe shukrani. Nawashukuru watengenezaji wa mtambo, ambao nitawaandikia barua mara tutakapojua ni akina nani. Namshukuru mhandisi wa kuuendesha, ambaye nafasi yake itatangazwa. Namshukuru kwa dhati mchoraji wa picha ya mtambo iliyo kwenye kadi zenu za mwaliko, maana ndiye binadamu pekee aliyewahi kuuona. Namshukuru pia rubani wa ndege yangu, aliyeniwashia injini tangu asubuhi nisichelewe kongamano la kumi na sita, ambako nitawasilisha mafanikio haya yote. Na mwisho kabisa, kwa heshima na taadhima, naomba nirudishiwe ufu...

(Kutoka ndani: “Shhh! Baba, watoto wamelala.” Mlango unafungwa kwa komeo.)

(Kwa kunong'ona.) Asanteni kwa kunisikiliza.