Wageni wa Mkahawa wa Karibu Tena

Jumapili, 26 Aprili 2020

Chungu cha pili cha Ramadhani. Viti vyangu vyote vimepandishwa juu ya meza, miguu juu, kama mbuzi waliokufa. Amri inasema chakula cha jioni ni cha kubeba tu, hakuna kukaa mkahawani, na saa moja kafyu inaanza. Magharibi inaingia saa kumi na mbili na kitu. Mtu afungue saumu, aswali, ale, akimbie nyumbani. Hiyo ni futari au ni mashindano ya shule?

Mwaka jana mwezi kama huu barabara hii ya kutoka Ukunda kwenda baharini haikuwa na pa kuweka mguu. Wahudumu wa hoteli za Galu wakitoka zamu wanaingia kwangu na mashati yao meupe mabegani. Beryl wa saluni anagombana na kila mtu kwa ajili ya kuchaji simu. Yule Mzungu mzee wa kila mwaka alikuwa amejifunza neno moja tu, "bado", akilisema kila nikimuuliza kama ameshiba. Kelele zile zilikuwa zikiniumiza kichwa. Leo ningezilipia.

Mzee Swabir, mwenye nyumba, alipita baada ya alasiri, barakoa ikiwa kidevuni. Aliangalia viti. Akasema chumba kisicho na watu huingia popo. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba Idi ikifika na hakuna uhai humu chumba atampa Subira.

Subira! Alikuwa mpishi wa marehemu baba, alinibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, na sasa anauza kaimati kwenye dirisha la nyumba yake ng'ambo ya barabara. Amechora duara za chokaa chini na watu wanasimama ndani yake wametulia. Nilimwona Mzee Dzombo kwenye duara. Mzee Dzombo, ambaye benchi langu la pembeni limechukua umbo la makalio yake!

Mkahawa huu ndio alioniachia baba. Ukiondoka nitakuwa Chande tu. Nitafanya jambo.

Jumanne, 28 Aprili

Nimelifanya. Amri imekataza kukaa. Kusimama haikukutaja. Nikatoa viti vyote, nikapandisha meza juu ya kreti za soda mpaka zikafika kifuani. Nikamwita Mzee Dzombo na wenzake wawili.

Walisimama mbele ya muhogo wa nazi uliokuwa usawa wa ndevu zao. Mzee Dzombo akaniuliza ni nani aliyenilea. Akasema mtu aliyefunga tangu alfajiri hali wima kama punda, tena chakula chenyewe kikimtazama usoni. Wakachukua tende moja moja, kwa adabu, wakavuka barabara kwa Subira.

Kisha kreti zikateleza. Mbaazi zote chini. Paka wa mtaa mzima wamefuturu kwangu leo, na hata wao hawakukaa. Walikula, wakaenda.

Ijumaa, 1 Mei

Usingizi umeniletea akili. Amri ni ya mikahawa. Mtu na wageni wake wachache nyumbani kwake ni habari nyingine. Basi mkahawa uwe nyumbani!

Nimeleta kitanda changu nikakiweka pale palipokuwa kaunta. Chandarua juu. Kanzu kwenye msumari. Picha ya baba ukutani. Majamvi chini, moja huku, moja kule, watu wasigusane. Kibao cha Karibu Tena nimekigeuza kikaangalia ukuta. Mzee Dzombo na wenzake walivua viatu mlangoni, wakaketi, wakavuta pumzi. Mzee Dzombo alilipapasa lile benchi lake kabla ya kushuka jamvini. Niliona, na moyo uliniuma kidogo. Kuhusu malipo sikusema kitu. Nilidhani hayahitaji kusemwa.

Mara Bi Mwanarusi, naibu wa chifu, mlangoni. Akauliza kama mkahawa umefunguliwa.

Nilikuwa na saumu, na uongo na saumu haviketi jamvi moja. Nikamwomba anistahimilie kidogo. Nikamsifia mtandio. Nikaulizia watoto, mmoja mmoja. Adhana ikalia. Nikala tende, nikanywa maji, ndipo nikamwambia kwamba hapa ni nyumbani kwangu, na hawa ni wageni wangu, nawafuturisha kwa ajili ya thawabu za marehemu baba.

Aliangalia kitanda. Aliangalia picha. Uso wake ukalainika. Akasema baba yangu alikuwa hivyo hivyo, akawaambia wasisogeleane, akaenda zake. Nilijiona waziri.

Wageni wakala wakashiba. Wakanawa. Wakaomba dua ndefu, wakamtaja baba kwa jina. Wakaondoka. Hakuna aliyetia mkono mfukoni. Nikakohoa. Mzee Dzombo akarudi, nikafurahi, kumbe amesahau kofia. Nikamkumbusha kwa mafumbo. Akaniambia kwamba amesikia kwa masikio yake kuwa yeye ni mgeni, na kumlipa mwenyeji ni kumpiga kofi, na yeye hawezi kumpiga mtoto wa rafiki yake kofi katika mwezi mtukufu.

Jumamosi, 2 Mei

Bi Mwanarusi hakunyamaza. Alimweleza imamu. Msikiti umefungwa, lakini kipaza sauti kiko palepale. Baada ya adhana ya alasiri nilikuwa napeta mchele nikasikia jina langu angani. Chande, mwana wa fulani, amefungua nyumba yake. Anafuturisha mwezi mzima. Walioachishwa kazi hotelini waje na bakuli zao, wapokee, waende, Mungu amzidishie.

Ungo ulinitoka mikononi.

Walikuja. Wahudumu wa Galu, bila mashati meupe. Wauza vinyago wa ufuoni. Beryl na kikopo chake, akasema yeye hafungi lakini njaa haina dini. Nilimpa, nikamwonyesha na pa kuchaji simu. Alicheka mpaka barakoa ikamshuka.

Chakula kikaisha na watu bado. Nilisimama na upawa mtupu nikitafuta mlango wa nyuma. Ndipo Subira akavuka barabara na sufuria kichwani. Nilijua atanisema. Hakunisema. Alipakua tu, bakuli baada ya bakuli. Watu walipokwisha akaniambia kwamba kila Ramadhani baba aliweka chungu cha uji wa pilipili manga kwenye mlango huu, anywe apitaye, na yeye ndiye aliyekuwa akiukoroga.

Nilikuwa mtoto. Uji nilikuwa nimeusahau, harufu yake ikanirudia yote kwa mara moja. Nikasingizia vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Alhamisi, 7 Mei

Watu wameanza kuja na vibao vyao vya kukalia. Wanapokea, wanajipanga kando ya barabara, mmoja hapa, mwingine kule, kutoka mlango wangu mpaka dirisha la Subira. Si kama zamani. Tuktuk hazipo, Mzungu wa "bado" sijui kama atarudi. Lakini leo vikombe viligongana, mtu akacheka, mwingine akaitisha chumvi, na mimi nikajibu "inakuja!" kwa sauti ya baba. Nilishtuka mwenyewe.

Mzee Swabir akapita. Aliwahesabu watu. Akasema chumba kina watu, ingawa wako nje. Hakichukui, ila kwa sharti: Subira ahamie jikoni kwangu, tupike pamoja, ili siku watakayoruhusiwa kukaa jioni wakute chungu kiko motoni. Nilitaka kumbusu mkono. Korona ikanizuia.

Tatizo moja. Wafanyakazi wa mkahawa lazima wapimwe kwanza, na foleni ya kupimwa haina mwisho. Lakini Chande hakosi akili. Bi Mwanarusi alipokuja kukagua, nikangoja adhana, nikala tende, nikamwambia kwamba Subira si mfanyakazi. Ni shangazi yangu, dada wa baba.

Subira alikuwa palepale, mwiko mkononi. Nilidhani atacheka. Akasema ni kweli kabisa. Akaketi juu ya kitanda changu, akauliza kwa nini mtoto wa kaka yake amesimama ilhali mitungi haina maji. Bi Mwanarusi akasema shangazi ni baba, asikilizwe.

Nimeteka maji. Nimemenya muhogo. Shangazi amesema kitanda atakitumia yeye kupumzikia, mimi benchi la Mzee Dzombo linanitosha. Kibao cha Karibu Tena amekigeuza, kimeangalia barabara, na ameniagiza nikipake rangi upya.

Haidhuru. Dawa yake ninayo. Kesho, adhana ikishalia, nitamwambia Bi Mwanarusi kwamba Mzee Dzombo ni babu yangu, baba wa huyo shangazi.