Panga na Vita vya Sindano

Njooni, enyi mpendao habari za mashujaa! Vuteni viti, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, kwa maana hapa vinasimuliwa vita ambamo damu ya mtu mzima ilimwagika, ingawa haikujaa kijiko.

Alikuwako muuza nyama mmoja, jitu la mabega mapana, ambaye mtaa mzima ulimwita Panga. Huyo ndiye Mpasua Mifupa, Bwana wa Gogo na Shoka, ambaye mafahali wakimsikia ananoa kisu huanza kuagana. Lakini alipovuka miaka hamsini, adui asiyeonekana alimvamia kutoka ndani. Akawa anasinzia mezani, kijiko kikiwa bado mdomoni. Akawa anagombana na kifuniko cha sukari. Na ule uwanja ambao wanandoa wanaujua, na ambao adabu inakataza kuutaja, ukaota nyasi.

Mkewe akajumlisha mambo, akapata jibu lake.

"Baba Watoto," akanena, akimimina chai kama anayesoma hukumu, "nitajie jina lake tu. Nitafunga mizigo yangu kwa adabu, wala sitavunja sahani."

"Jina la nani?"

"Huyo anayekumaliza nguvu huko nje."

"Hakuna mtu, mke wangu! Daktari anasema huenda ni homoni ya kiume. Umri ukisogea hupungua, na wengine huwapungukia kupita kiasi."

"Na amekupima?"

Shujaa akaitazama chai. Hakuwa amepimwa. Alikuwa amekimbia. Naam, yeye aliyeoga damu ya ng'ombe tangu ujana wake, akifikiria tone moja la damu yake mwenyewe, alikumbuka ghafla kwamba wateja wanamngoja.

"Kesho asubuhi utapimwa mbele ya macho yangu," akasema mkewe, "au jioni utanikuta kwa mama."

Basi kulipopambazuka, kwa maana homoni hiyo hupimwa asubuhi, saa ambazo huwa juu, Panga alijongea maabara, tumbo tupu, mke ubavuni. Na tazama! Aliyeketi mezani, glavu mikononi, alikuwa mteja wake wa kila Jumamosi, yule dada anayeomba nyama na kufungiwa mifupa.

"Karibu, Panga," akasema kwa sauti tamu. "Leo mizani iko kwangu."

"Dada yangu, yaliyopita si ndwele."

"Kunja mkono wa shati. Nitakuchagulia mshipa kama unavyonichagulia nyama."

"Mama Watoto, nishike!"

"Nimekushika. Kwani wewe si mwanamume?"

"Si ndicho tulichokuja kupima!"

Kisha akafumba macho, akainua kidevu, akahutubia: "Ewe sindano, mwana wa chuma! Nimewaangusha wenye pembe mbili, nawe una ncha moja. Basi njoo... ngoja! Ngoja kwanza, sijamaliza hotuba!"

"Mimi nimeshamaliza," akasema dada, akimbandika pamba.

Panga akapepesuka kama mnara unaotafakari. Hakuanguka.

Majibu yakasema homoni imeporomoka, na damu iliyotolewa tena juma lililofuata, kwa kuhakikisha, ikatoa ushahidi uleule. Mkewe akasikiliza, akaufunika mkono wa mumewe kwa wake.

"Kumbe unaumwa," akasema polepole, "na mimi nakununia."

Daktari, alipokwisha kumpima na mengineyo, akaweka mezani silaha mbili. "Iko dawa ya kupaka mabegani, haichomi. Ila mkeo au watoto wakikugusa hapo kabla hujanawa, inawaingia wao. Uwe mwangalifu unapokumbatiwa. Au iko sindano, kila baada ya majuma kadhaa."

Dawa isiyochoma! Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi, na Panga aliuona. Kisha akautazama mkono wa mkewe, ambao ulikuwa umerudi juu ya wake.

"Choma," akasema.

Wenye kalamu na waandike, wenye mawe na wachonge: siku hiyo Mpasua Mifupa alishusha suruali upande mmoja, akatoa kalio lake kwa ajili ya nyumba yake, wala hakupiga kelele ila mara mbili. Jumamosi iliyofuata, dada wa maabara alifungua mfuko wake, akakosa mfupa wa kulalamikia.

Dawa ingechukua majuma kadhaa kuonyesha nguvu zake. Lakini jioni ileile ya sindano Panga aliketi mezani kama mfalme kwenye kiti cha enzi, kalio moja hewani, na mkewe, asiyetafuta tena jina la mtu, akamletea mto.