Mlingoti wa Upepo kwa Jirani

Jumatatu, 12 Januari 2026
Mlingoti bado uko juu ya paa la karakana yangu. Niliuchomelea mwenyewe. Kileleni una kipimo kinachonasa hewa ya mji ikipanda, ikishuka, ikijizungusha. Daktari Naliaka wa chuo kikuu anataka siku za moshi, hewa inapotulia na moshi kuukalia mji. Leo kweupe, kama jana. Amesema moshi usipokuja kufikia Alhamisi, mlingoti utahamia kwa jirani yangu Jairus, ghorofani. Mwalimu mstaafu asiyejua hata kufunga nati. Mimi sokoni naitwa Profesa, na sikusomea. Siuachi.

Jumanne, 13 Januari
Moshi hauji? Basi utaletwa. Nimerundika makapi ya miwa nyuma ya karakana, nikawasha saa kumi jioni. Moshi safi kabisa. Kumbe huku kwetu moto mkubwa nje ya boma una maana moja tu. Majirani wakaja na viti. Mzee Osiako akanipa pole, akasukuma gogo zima motoni, akisema moto wa matanga hauachwi kufa. Kina mama wakaanza kulia, kisha wakauliza ni nani. Mke wangu Awinja akawaambia aliyekufa ni akili ya Baba Alice, yaani mimi. Hakuna aliyeondoka. Chai wakanywa.

Jumatano, 14 Januari
Daktari amesoma vipimo. Siku ya moshi, hewa hupanda na kushuka kwa sentimita chache tu kwa sekunde. Yangu ilirukaruka mita mbili, kama uji jikoni. Akauliza kama kulikuwa na moto hapa chini uliorusha hewa juu. Nikasema hapana. Hapo hapo Osiako akapita, akamshika Daktari mkono, akamwambia ajikaze, akauliza mwili unaletwa lini.

Alhamisi, 15 Januari
Wameuhamisha. Nati nimefungua mimi, maana Jairus hana spana.

Ijumaa, 16 Januari
Alfajiri ya baridi. Mashamba ya miwa yalichomwa jana, na moshi umelala juu ya Kakamega yote, hausogei. Daktari anacheka peke yake kule ghorofani. Jairus anamshikia mwavuli, majivu yasimwangukie.
Nimepiga hesabu. Moto haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba ulikuwa kwangu. Nimemtumia Mzee Osiako ujumbe: kwa Jairus kuna msiba, aje na gogo.