Ukurasa wa 96 na Daftari Nililokosea Kulibeba

Jamani, leo nimejianika mchana kweupe mbele ya watu watatu ninaowaheshimu. Wawili kati yao sasa nawaheshimu kidogo.

Nianze mwanzo. Mtaani kwetu Kiseke tumefungua chumba cha vitabu. Rafu nne, vitabu kama mia tatu vya kuchangwa. Kamati ikawa inatafuta mtu wa kukaa na ufunguo. Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiachia kidato cha pili baba alipougua, na tangu hapo nasoma chochote chenye herufi. Ule ufunguo niliutaka mpaka nikawa nauota. Sharti lilikuwa moja: uje na daftari la vitabu ulivyosoma mwaka huu, wakuone.

Daftari ninalo. Shida ni kwamba ni la kweli. (Nikimaliza kitabu naandika kilichonijia, bila adabu, maana hasomi mtu zaidi yangu.) Kwa hiyo wiki iliyopita nikakaa nikaandika jingine safi, la kuwapelekea wakubwa. Humo kila kitabu kina maudhui mazito na kila mwandishi amebobea. Vya mapenzi nikavitoa vyote. Nilipomaliza nikaona limependeza, nikalivalisha kitenge cha maua ya njano kama mwenzake, masalia ya gauni la mteja. (Mteja, kama unasoma hapa, kitambaa chako hakikubaki.)

Yaani fundi mzima, nimevalisha madaftari mawili sare. Asubuhi nikanyakua moja juu ya cherehani, nikaondoka mbio.

Saa nne niko mbele ya kamati. Mwenyekiti ni Mwalimu Malale, mstaafu. Hapa mtaani kama hajakufundisha, basi kamchapa mzazi wako. Tena ni mwandishi: miaka miwili iliyopita alichapisha riwaya yake, na karibu kila nyumba ina nakala. Kulia kwake kakaa Mama Happy, kiongozi wa kwaya. Kushoto Bwana Deusi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kukubali kila kitu. Ufunguo wenyewe uko mezani, umefungwa kamba nyekundu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Kulwa. Riwaya yangu umeisoma?"

"Nimeisoma, Mwalimu. Imenigusa sana."

"Mimi nimeirudia mara mbili," Bwana Deusi akadakia. "Nililia, Mwalimu. Nililia kama mtoto."

"Ya kwangu naiweka karibu na Biblia," akasema Mama Happy.

Mwalimu akafurahi. Akavaa miwani, akafungua daftari langu, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama anaita mahudhurio.

"'Kitabu cha kufuga kuku. Kurasa sitini. Sina kuku, ila sasa nawaonea huruma.'"

 Lile safi lilikuwa nyumbani, limelala juu ya cherehani.

"Mwalimu, samahani, naomba hilo daftari mara moja..."

"Tulia, mama. Mtihani umeshaanza." Akafunua. "'Kitabu cha injini za boti. Sijaelewa hata neno. Michoro mizuri. Nitakirudia.'"

Bwana Deusi akacheka. Mama Happy naye akacheka, masikini, hakujua zamu yake inafuata.

"'Kitabu cha mapenzi, nimeazima kwa Mama Happy. Kasema nisimwambie mtu. Ukurasa wa sitini umekunjwa, na aliyeukunja si mimi.'"

Mama Happy akainamia mkoba wake akaanza kutafuta kitu. Hakukipata mpaka kikao kinaisha.

Mimi hata huruma ya kumwonea sikuwa nayo, kwa sababu nilijua kinachofuata. Nilikiandika mwenyewe, tena nikiwa nimekasirika. Mwalimu alipoona jina lake akakaa vizuri kwenye kiti, akakohoa kidogo.

"'Riwaya ya Mwalimu Malale. Shujaa anaoga sana. Nimehesabu, mara kumi na moja.'" Akanitazama juu ya miwani, akaendelea. "'Ukurasa wa 96 Masanja anapanda kivuko kwenda Kamanga, hajaoa, hana hata mchumba. Nikiendelea, ni ukurasa wa 113, ana mke na watoto wawili. Kivuko gani hicho? Nimerudi nyuma mara tatu nikidhani nilisinzia. Nimeazima nakala ya jirani, hivyohivyo. Na watu wote wanaisifu. Basi labda mjinga ni mimi.'"

 Nikautazama ule ufunguo nikauaga kimoyomoyo.

Mwalimu hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Watoto wawili?" Akainuka, akachukua nakala rafuni, akalamba kidole, akafunua. Tisini na sita. Mia na kumi na tatu. Akachukua ya pili. Ya tatu.

"Kurasa kumi na sita," akasema. "Wachapaji wameziacha. Harusi iko humo. Kifo cha baba yake kiko humo. Mimi kitabu kizima nilikiandika kwa ajili ya kile kifo."

Akageuka kushoto.

"Deusi. Ulilia ukurasa wa ngapi?"

"Nili... nililia kwa ujumla, Mwalimu."

(Kwa ujumla! Nimejing'ata ulimi mpaka sasa unauma.)

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Miaka miwili," akasema, "nimekuwa nikijiuliza mbona hakuna hata mmoja anayeniuliza habari za yule mzee. Nikasema labda sikuandika vizuri. Kumbe hakuna aliyefika." Kisha akanigeukia. "Wewe ulirudi nyuma mara tatu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe kwa yale ya kuoga."

"Ya kuoga tutayajadili."

Akausukuma ufunguo mpaka upande wangu wa meza. Hakuitisha kura. Bwana Deusi akapiga makofi wa kwanza, kama kawaida yake.

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama mtu mwenye gari. Ufunguo nimeuvaa shingoni, Kulwa kauliza kama nimeokoka. Jioni Mwalimu kaja mwenyewe mpaka kibarazani, kaniletea zile kurasa kumi na sita kwa mwandiko wake, kwenye bahasha ya kaki. Nimezisoma cherehani imesimama, mteja anasubiri zipu yake. Halafu nimefungua daftari langu, lile la kweli, nikaongeza mstari: "Baba yake Masanja kafa. Nimelia, karatasi ya tisa, katikati. Kaoga tena, lakini hapa nimemsamehe."

Lile daftari safi nimelikata karatasi za kupimia kola.

Mnaotaka kunicheka, chekeni. Ila chumba kinafunguliwa kesho saa tatu, ufunguo ninao mimi, na kila anayerudisha kitabu nitamuuliza kilichotokea katikati.