Reli Mbili Zilizoniangusha Uwanjani

Kwa Meneja Kevin Ooko,
Jimu ya Nguvu Mpya,
Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, Kisesa.

YAH: MASHINE YAKO YA KUCHUCHUMALIA KUNIAIBISHA MBELE ZA WATU

Mjukuu wangu Meneja,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu ukiona jina langu utaniamkia kabla ya kusoma, na sipendi kukuchelewesha.

Anayekuandikia ni mwanamume aliyebeba ng'ombe mabegani kutoka Magu hadi Kisesa bila kupumzika. Nakiri alikuwa ndama. Nakiri pia alitembea mwenyewe, mimi nikashika kamba, na tulipumzika mara tatu, yeye akinisubiri. Lakini kushika kamba nako kunataka nguvu. Nisikilize.

Mwezi wa tatu nilikuja kwako nikakueleza shida yangu. Katika ngoma yetu ya majembe, mstari wa mbele hushuka mpaka makalio yaguse visigino, jembe likiwa juu, halafu wote huinuka kwa mpigo mmoja. Mstari huo nimeukalia miaka thelathini na moja. Sasa magoti yangu yanalia kama mlango wa stoo, na Yakobo Chenge, mzee mwenzangu, anaimezea mate nafasi yangu. Tulikuja wote wawili. Yeye ukampa chuma huru, kile cha kuweka mabegani bila kushikiliwa na kitu. Mimi ukanipeleka kwenye mashine, ambako chuma kinapita kwenye reli mbili, hakiendi mbele wala nyuma, na ukichoka unakizungusha kidogo kinanasa kwenye kulabu. Ukaniambia, "Babu, hapa huwezi kuanguka." Kweli. Hapo sikuanguka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine imenidanganya. Nilikuwa nashuka na kupanda kama ndoo ya kisimani. Yakobo kule pembeni alikuwa anatetemeka na chuma chake kitupu kama mbuzi aliyenyeshewa, nikamwambia, "Bwana Yakobo, hayo si mazoezi, hiyo ni homa. Nenda kapime malaria." Vijana wakacheka, na wewe ukacheka. Hukuniambia kwamba kule kutetemeka ndiko mazoezi kwenyewe.

2. Jumapili iliyopita tulishindana na wenzetu wa upande wa pili. Unajua desturi: kila kundi linacheza upande wake, na linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Nilishuka vizuri sana. Kuhusu kushuka sina malalamiko. Lakini nilipofika chini mgongo ukaanza kutafuta reli, ukakuta hewa tupu ya Kisesa. Nikaenda kinyumenyume na jembe langu mpaka nikakaa ndani ya ngoma kubwa ya wapinzani. Ngozi ikapasuka, mimi nikazama mpaka kwapani. Watazamaji wao wote wakakimbilia kuniangalia, ikahesabiwa kwamba nimewavuta mimi. Tukashinda. Sijawahi kushinda kwa uchungu namna ile.

3. Wapinzani wanatangaza kwamba ni dawa yao iliyoniangusha. Mganga wao anapata wateja mpaka kutoka Kigongo. Hiyo ni kazi ya mashine yako, mjukuu wangu, sifa anakula mwingine, na wewe umekaa kimya.

4. Mke wangu Selina amesimika miti miwili ya mkaratusi chooni, mmoja kushoto mmoja kulia, "ili mzee apate reli zake." Ninaishika. Ndiyo maana nina hasira.

5. Hili ndilo kubwa. Mama Odeta, kiongozi wetu wa ngoma, amesema mbele ya wote: "Mayala, hatuwezi kuwa tunapasua ngoma za watu kila tukitaka ushindi. Jumapili ijayo utashuka mara moja tu. Ukiinuka, nafasi ni yako. Ukianguka, Yakobo ataingia na wewe utalinda viatu." Miaka thelathini na moja, Kevin. Viatu!

Kwa hiyo naomba kwa heshima mashine ing'olewe hapo na kusimikwa uwanjani kabla ya Jumapili. Na kwa kuwa mtu mmoja ndani ya reli ataonekana mfungwa, wachezaji wote ishirini na wawili watengenezewe zao. Tena ngoma hii inaiga kilimo, basi mashamba ya mpunga mpaka Magu nayo yawekewe reli, na mazizi pia, maana kukamua nako ni kuchuchumaa. Yote yakikushinda, mfungie Yakobo kwenye mashine wiki hii nzima, naye aharibike, tupambane kwa haki.

Nisalimie mkeo Akumu, watoto, vijana wote wa vyuma, na kile kioo kikubwa cha ukutani ambacho hakijawahi kunisema vibaya. Yakobo naye msalimie, ila asiitikie kwa furaha.

Ni mimi babu yako niliyepungukiwa reli,
Mayala Shimba,
Mstari wa Mbele (mpaka Jumapili).

N.B. Selina ameisoma barua akasema nisikisingizie chuma. Haya. Katika miezi mitatu niliyokuja kwako nilishuka kwenye mashine siku nne tu. Siku nyingine chuma kilikuwa kwenye kulabu, nami nimeegemeza viwiko nawapigia vijana hadithi. Na ile siku uliyonipa chuma huru nikasema nina kikao cha ukoo, kikao hakikuwepo. Niliogopa. Jana nimekwenda kwa Yakobo, akaniwekea mpini wa jembe mabegani. Nikashuka nikainuka mara nne, nikitetemeka kama mbuzi. Mara ya tano nikayumba, na yeye alikuwa nyuma yangu, akanidaka. Akanirudishia mpini mabegani, mshenzi yule.

Jumapili Yakobo atakuwa pembeni akisubiri nafasi yangu, hawezi kunidaka. Siku lori lililoleta mashine zako lilipokwama topeni, ng'ombe wangu ndio waliolivuta. Ukaniuliza unipe nini, nikasema tutaonana. Basi tuonane Jumapili saa tisa. Simama nyuma yangu kama unavyosimama nyuma ya wale wa chuma huru. Ukiona nayumba, niguse mgongoni kwa kidole kimoja tu, kama mtu anayenipangusa vumbi.