Jasusi Bonifasi wa Mkuyuni

Jumatano, 11 Juni
Filamu mpya ya kijasusi imefika kwenye banda langu la video. Nimetazama nusu, umeme ukakatika. Nusu yatosha, mimi ni mtafsiri mzoefu. Watazamaji wangu hawajui Kiingereza. Mimi pia si sana, lakini kipaza sauti ninacho mimi.

Uzuri wake: magari yanaruka mito, na mwanamke anapigana akiwa amevaa gauni refu, na halichaniki. Ubaya: wanaongea mno ofisini, na kila simu wakishapiga wanaitupa. Simu nzima! Hakuna hata anayetoa laini kwanza.

Alhamisi, 12 Juni
Glory, fundi cherehani, kapakiwa tena kwenye pikipiki ya Bonifasi mchuuzi wa ndizi. Kacheka njia nzima. Roho imeniuma. Jumapili mzee Thobias ananipelekea posa kwa baba yake Glory, na nasikia Bonifasi naye anatafuta mshenga. Lazima nimmalize kabla ya hapo.

Nimepata dawa. Jasusi mtanashati wa kwenye filamu nitamwita Lukasi, yaani mimi. Yule mwenye upara anayemsukuma kutoka kwenye treni nitamwita Bonifasi. Glory nimemkaribisha bure, kiti cha mbele.

Jumamosi, 14 Juni
Tulianza vizuri. Banda lilijaa, watu wakakalia kreti za soda. Bonifasi alipomsukuma Lukasi, akina mama wakamlaani. Bonifasi wa ndizi, aliyekaa nyuma, akainamisha kichwa. Nikatamba.

Ikaja nusu ya pili. Huo ndio ubaya mkubwa wa filamu za siku hizi: huwezi kumwamini mtu. Mwenye upara kumbe alikuwa mwema muda wote. Aliyeuza siri za nchi ni Lukasi, na sasa anatega bomu hospitalini, tena wodi ya wazazi. Nikatangaza haraka kwamba huyo si Lukasi, ni pacha wake. Scholastika muuza vitumbua akasimama, akauliza mbona pacha ana kovu lilelile la kwenye treni. Nikakohoa kwenye kipaza sauti.

Bonifasi akalitegua bomu kwa kisu cha mezani. Banda zima likalipuka kwa shangwe. Wakambeba Bonifasi wa ndizi mabegani mpaka sokoni, Glory mbele akipiga vigelegele.

Jumapili, 15 Juni
Mzee Thobias amekwenda kwa baba yake Glory. Amekwenda kwa niaba ya Bonifasi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida. Akasema amefikiri sana, hawezi kumwombea mke mtu wa namna yangu, hasa baada ya ile wodi ya wazazi. Nikamwambia ile ni filamu. Akasema ndiyo, lakini aliyesema yule ni Lukasi ni mimi mwenyewe.

Posa imepokelewa. Nimelia, sioni aibu kuandika.

Jumatatu, 16 Juni
Imefika filamu nyingine. Jasusi wake ni mpole, anampenda mama yake, anasali kabla ya kula. Huyo ndiye Lukasi. Glory aone anachopoteza kabla mahari haijatolewa. Naonyesha kesho.

Nimetazama nusu. Inatosha.